Mbegu Juu ya Moshi

Kabla hujafika nyumbani kwetu Olmotonyi kuna kona, misonobari upande mmoja na korongo upande wa pili. Tangu nikiwa mtoto, nikifika kwenye kona hiyo nilikuwa nasimama kutafuta moshi. Kutoka pale unaliona jiko la mama, kibanda cha mbao kilichojitenga na nyumba kubwa, na moshi ulikuwa ukitoka chini ya bati pande zote kwa sababu hakikuwa na dirisha la maana. Moshi ukiwepo, mama yupo. Mama akiwepo kuna chakula, na kama kuna kuchapwa, basi utachapwa ukiwa umeshiba. Nilikuwa nakimbia kuanzia hapo mpaka mlangoni, mkoba wa shule ukinigonga mgongoni.

Nasema haya nikijua kwamba moshi ule ndio uliokuja kumharibu mama kifua. Nitafika huko. Lakini siwezi kujifanya niliuchukia. Niliupenda, na bado naupenda, na mtu asiniletee habari za jiko safi kabla hajakaa kwenye kigoda cha mama yangu mwezi wa saba, ukungu umeshuka kutoka Mlima Meru mpaka unagusa migomba, vidole vimekufa ganzi, halafu akapewa bakuli la loshoro, mahindi ya moto yaliyomwagiwa maziwa mgando. Akishakula hapo ndipo tuzungumze.

Shuleni mjini watoto wa Engutoto walikuwa wanatuzibia pua. Walisema sisi wa mlimani tunanuka moshi, na kweli tulinuka, sweta, nywele, madaftari, kila kitu. Nilipigana na wawili kwa ajili hiyo na mmoja nilimshinda. Siku hizi nikikuta sweta ya mtu inanuka moshi wa kuni kwenye foleni ya benki, nasogea karibu kidogo bila yeye kujua.

Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa fito, na kwenye fito zile zilining'inia mbegu. Kila baada ya mavuno mama alichagua mahindi mazuri kuliko yote, akayavua maganda bila kuyakata, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake yenyewe na kuyatundika pale juu ya moto. Yalikaa hapo miezi, yakifukizwa asubuhi na jioni, mpaka yakawa meusi kwa masizi. "Dumuzi hagusi kitu kilichokula moshi," alikuwa anasema, yaani yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Mbegu ile alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na mama mkwe naye aliipata kwa wa kwake. Sisi watoto tuliruhusiwa kuota moto chini yake, si kuigusa. Kwangu ilikuwa sehemu ya paa tu, nikaacha kuiona kama mtu anavyoacha kuiona misumari ya nyumba yake.

Baba alikuwa mlinzi wa msitu, mtu mrefu mkimya, na jambo moja tu lilimtoa kwenye ukimya wake. Umeme. Ulipofika kwetu nilikuwa sekondari. Alinunua globu moja, ile ya zamani ya mwanga wa njano, akaifunga sebuleni, majirani wakaja kuitazama. Baba akawasha, akazima, akawasha tena, watu wakapiga makofi. Baada ya siku hiyo hakuna aliyekaa kwa amani. Alikuwa anapita chumba kwa chumba, akikuta taa inawaka na hakuna mtu, anauliza kwa sauti kubwa, "Taa hii inamsomea nani?" Ukitoka msalani bila kuzima, swali lilikufuata mpaka shambani. Baba yangu alikuwa mradi mzima wa kubana umeme, bila mfadhili na bila semina.

Alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya mgomba alioupenda. Jioni ile nyumba ilijaa wageni na kila taa ilikuwa inawaka. Mama alipita chumba kwa chumba akizima.

Mimi niliondoka mapema. Nilijifunza ushonaji, nikajenga Sombetini, huko mjini, kidogo kidogo kama kila mtu wa Sombetini anavyojenga, na mpaka leo ukuta wa nyuma haujapigwa plasta. Nashona sare za shule. Nilianza na pasi ya mkaa, ile unayoipuliza majivu yakakurukia kwenye blauzi nyeupe ya mteja, nikahamia kwenye pasi ya umeme, na hapo ndipo mita ya luku iliponikamata. Pasi inakula yuniti. Mwezi wa kwanza, shule zinapofunguliwa, mita yangu ilikuwa inalia karibu kila siku, na mimi nalia nayo.

Sasa fikiria hali hiyo, halafu watu wa umeme wanatangaza mradi. Gari la matangazo lilipita mtaani kwetu likipiga kelele kwamba kila mteja anaponunua umeme, kipande kidogo cha pesa yake kitakatwa na kuingizwa kwenye mfuko wa matumizi bora. Mfuko ule utanunua taa zinazokula umeme kidogo, na sufuria za umeme za presha zinazoivisha maharage kabla hujamaliza kufagia uwanja, na wateja wa kawaida watavipata kwa bei ya chini. Walieleza kwamba umeme unaookolewa kwenye nyumba moja ni umeme ambao hauhitaji kuzalishwa tena kwa nyumba nyingine, kwa hiyo wote tunafaidi. Mtaani tukauita mradi wa sufuria.

Nilikasirika sana. Mimi nikatwe nikipiga pasi sketi za watoto wa watu, ili mtu nisiyemjua apikiwe maharage? Nililisema hilo dukani kwangu kwa kila mteja aliyekuja kupimwa kiuno, na wengine nadhani walipungua mwili kwa kunisikiliza. Kwenye kuchukua taa, hata hivyo, nilikwenda. Ukipeleka ya zamani unapewa mpya. Nilimpelekea na mama, tukafungua globu zote za nyumba, ila ya sebuleni alikataa. "Hiyo ya baba yenu," alisema. "Nitaiwasha Krismasi tu." Nilijua hakuna hoja itakayoishinda hiyo, nikaiacha.

Kukohoa kulianza kidogo. Mama aliimba kwaya ya akina mama kanisani tangu sijazaliwa, sauti ya kwanza, na alikuwa na tabia ya kuushikilia mstari wa mwisho mpaka wenzake wote wamenyamaza. Jumapili moja nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nikamsikia anakatika katikati ya ubeti. Akajaribu tena, akakatika. Akakaa chini na wenzake wakaendelea bila yeye. Sikuwahi kumwona mama akiketi wimbo haujaisha, na niliogopa.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, akamwamkia vizuri, akamsikiliza mgongo muda mrefu.

"Bibi, unapikia nini?"

"Kuni."

"Tangu lini?"

"Tangu nijue kupika," mama akamjibu, kana kwamba ameulizwa amezaliwa na nani.

Daktari hakucheka. Aligeuka kwangu. "Dada, mapafu ya huyu mama yamechoka na moshi. Dawa nitampa, lakini dawa haitasaidia kitu kama anarudi kukaa kwenye moshi. Mtoe huko kabla ya baridi nyingine. Baridi kama ya mwaka huu, na moshi juu yake, hataiweza."

Tulirudi nyumbani. Mama alikuwa anatazama nje dirishani, mimi natazama mikono yake.

Basi mdomo uliotukana mradi wa sufuria ndio uliokwenda kupanga foleni ya sufuria. Niliandikisha jina la mama, yeye ndiye mteja wa mita ya Olmotonyi, na zamu yetu ilipofika niliibeba ile sufuria mapajani kwenye bodaboda kuanzia mjini mpaka mlimani nikiwa nimeikumbatia. Nilimfundisha mama vitufe. Tukaweka makande, tukafunga mfuniko, tukakaa kunywa chai. Chai haijaisha, sufuria ikalia. Mama akafungua, akachota punje moja, akaiminya kwa vidole, akaionja.

"Imeiva," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi dhidi ya ndugu yake.

Nilishuka mjini nikiwa na furaha ambayo sijaipata siku nyingi. Nilimwambia kila mteja kwamba nimeyabadili maneno yangu, wanikate tu, mama yangu amepona. Dukani wakanicheka.

Niliporudi kumtazama, nikafika kwenye kona ya misonobari, nikasimama kwa mazoea. Moshi ulikuwepo, mzito, pande zote za bati. Siwezi kueleza vizuri nilichohisi. Moyo ulifurahi kwanza, kama ulivyozoea, halafu ndipo akili ikafika na kuukaripia.

Sufuria niliikuta sebuleni ndani ya kabati la vioo, kati ya picha ya harusi na vikombe vya wageni. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni.

"Mama, hii ni nini?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Hii ni nini?"

"Marahaba. Ni sufuria yako."

"Mbona iko kabatini?"

"Nzuri namna hiyo, uliitaka iwe wapi? Mgeni akija anaiona."

"Daktari alisema nini?"

Akaanza kukohoa, akainua mkono kuniambia ningoje, nikangoja. Alipomaliza alisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao. Huo mradi utaisha, watu wa umeme watakwenda zao, na mimi nitabaki na jiko langu. Na moto ule una kazi zake." Aliposema hivyo aliinua macho kuelekea jikoni, nami sikujisumbua kufuata yalikokwenda. Niliona ukaidi tu. Nikapandisha sauti, naye akapandisha kikohozi, tukaachana vibaya.

Nilikwenda kumshtaki kwa jirani. Huyu jirani ni mama wa Kichaga, alihamia mlimani siku nyingi, anauza vitenge sokoni mjini, mtu wa kusema ukweli mpaka unaumia. Nilimkuta jikoni kwake anachochea kuni. Yeye pia alipata sufuria ya mradi. Nikamuuliza iko wapi. Akanionyesha: aliweka mchele ndani, mfuniko unafunga vizuri, panya haingii. Niliketi kwenye gunia nikacheka mpaka machozi, lakini hayakuwa yote ya kicheko.

Halafu ukaitishwa mkutano. Muda wa mradi ulikuwa unakaribia kuisha, na watu wa umeme walitaka maoni ya wateja: makato yaendelee au yakome, na kama yataendelea, yafanye nini. Walikuja mpaka kwetu, kwenye darasa la shule ya msingi, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Nilimchukua mama makusudi ili asikie mbele za watu sufuria inatakiwa kufanya nini. Nilikuwa na hotuba yangu kichwani, kali, iko tayari.

Afisa aliyesimama mbele alikuwa mtu wa makamo, mstaarabu. Alituamkia, akasema, "Ndugu zangu, nitasema ukweli. Tumepita nyumba kwa nyumba. Taa zinatumika, tunashukuru. Lakini sufuria nyingi tumezikuta kabatini." Darasa zima likaangua kicheko, kila mtu akimtazama mwenzake. "Sasa wakubwa wananiuliza, kama watu hawazitaki, kwa nini tuendelee kuwakata wateja kuzinunua? Na mimi sina jibu."

Bwana mmoja mwenye nyumba kubwa kule chini barabarani akasimama. Alisema yeye amefunga sola, umeme wa kununua anautumia kidogo sana, sasa kwa nini akatwe hata huo kidogo kwa ajili ya sufuria za watu? Baadhi walimshangilia. Nilikuwa nataka kumshangilia na mimi, maana yalikuwa maneno yangu ya dukani, neno kwa neno, na kwenye mdomo wake yalinichefua.

Jirani yetu alimjibu akiwa amekaa. "Baba, wewe unapata maji ya mfereji?"

"Napata."

"Mfereji unaanzia wapi?"

"Juu huko."

"Sisi wa juu, tukishapata ya kwetu, tunashuka kuja kuusafisha mpaka kwako au hatushuki?"

Yule bwana akakaa chini. Kila mtu pale anajua siku ya kusafisha mfereji anatoka kila anayekunywa, na asiyetoka bila sababu anatozwa mbuzi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Afisa akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema, "Vizuri. Lakini bado hamjaniambia kwa nini sufuria ziko kabatini."

Sisi ni watu wa heshima kwa wageni, hatupendi kumwambia mtu kwamba zawadi yake haifai. Watu waliangalia ubao. Mwingine akasema labda vitufe ni vingi. Mwingine akasema umeme hukatika. Afisa alikuwa anaitikia kwa kichwa, lakini alijua anapewa majibu ya adabu.

Nilipoanza kuinuka na hotuba yangu, mama akanivuta kanga nikarudi chini. Akanyanyua mkono yeye.

"Na mbegu nitaziweka wapi?"

Afisa akainama kidogo. "Mbegu gani, bibi?"

"Za mahindi. Ziko juu ya moto. Nikizima moto, dumuzi anakula mbegu. Dumuzi akila mbegu, nipande nini? Sufuria?"

Wakati huo ndipo darasa lilipolipuka. Akina mama wote waliongea pamoja, Kiswahili na Kimaa vimechanganyika. Kumbe kila mmoja alikuwa na fito zake juu ya moto. Mmoja alitundika mahindi, mwingine mtama, mwingine alikausha nyama. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayeufuga moshi, akaona aibu kuusema mbele ya watu waliosoma. Afisa alisimama katikati akigeuka huku na huku. Halafu akasema, na nilimheshimu kwa hilo, "Hatukuuliza."

Na mimi je? Nimekulia chini ya mbegu zile. Zilining'inia mbele ya macho yangu kila jioni ya utoto wangu nikingoja chakula. Nikamtazama mama, mgongo umepinda kwenye dawati la darasa la pili, na nikatamani kumkumbatia pale pale mbele ya watu, ila kwetu hatufanyi hivyo.

Jirani akasema kwao Uchagani mama yake alikuwa anapukuchua mbegu, anachanganya na majivu makavu, anajaza kwenye chombo mpaka juu na kukiziba kabisa hewa isiingie. Dumuzi anafia humo humo. Siku hizi watu wanatumia madumu ya mafuta ya kula. Mama akamuuliza mbona hajasema siku zote, na jirani akajibu, "Mbona hujaniuliza? Na wewe mwenyewe unazo zimening'inia, nikajua unapenda zinavyopendeza."

Niliposimama hatimaye, hotuba ilikuwa imeniruka. Nilisema tu, "Mimi nipo Sombetini, nakatwa nikipiga pasi, na inaniuma. Endeleeni kunikata. Lakini safari nyingine kabla hamjaleta sufuria, ulizeni kwanza ule moto ulikuwa na kazi gani nyingine." Nikakaa. Mama akanipigapiga goti mara mbili, kama alivyonifanyia nilipofaulu darasa la saba.

Mpaka ninapoandika haya hawajaamua. Makato yapo, na afisa alirudi mara moja na wataalamu wa kilimo akawapeleka kwa jirani. Mwakani sijui watasemaje, huenda mradi ukafa kama mama alivyotabiri. Taa ya dukani kwangu ni yao na inawaka hapa juu ya kichwa changu. Nikitoka naizima, maana namsikia baba.

Lakini kwa mama mambo hayakuishia mkutanoni. Mbegu ya mama mkwe haifanyiwi majaribio ya maneno. Akatoa masharti yake. Nusu ya mbegu itaingia kwenye dumu na majivu, nusu itabaki juu ya moto kama siku zote, na moto utawaka. Mvua ikinyesha atazipanda pande mbili za shamba. Zikiota sawasawa, ataachana na kuni. Za dumu zisipoota, nisije nikamtajia tena sufuria maisha yangu yote.

"Na baridi?" nilimuuliza. "Masika ikiisha ni baridi. Daktari alisema nini?"

"Mbegu kwanza," alisema. "Mimi nitakufa siku moja hata kwenye hewa safi. Mbegu ile haijafa tangu wazee."

Nilitaka kumjibu kwa hasira, badala yake nikapanda kigoda nikashusha nusu ya mbegu. Tukapukuchua pamoja. Majivu tuliyachota kwenye mafiga yale yale, tukayachekecha, tukachanganya kwa mikono mpaka tukawa weupe hadi kwenye viwiko. Dumu lilipojaa mama alilifunga, akaliweka chini ya kitanda chake. Kila nilipokwenda kumtembelea miezi ile moshi ulikuwepo, na kikohozi kilikuwepo. Nilianza kumwombea dumuzi afe kuliko nilivyowahi kuombea kitu chochote kanisani.

Mvua ilichelewa. Ilipokuja ilikuja kweli, mlima ukapotea, barabara ikawa tope tupu. Mama alipanda akisaidiwa na jirani, akaweka kamba katikati ya shamba kutenganisha pande. Mimi nilikuwa na oda ya sare sikuweza kwenda. Nilimpigia simu, akasema bado, nikapiga tena, akasema mbegu haiharakishwi kwa simu, akakata.

Jumamosi mvua ilipotulia nikapanda Olmotonyi asubuhi. Bodaboda ilikwama kwenye tope nikashuka nikatembea, na nikafika kwenye kona ya misonobari nikasimama kama kawaida.

Hapakuwa na moshi.

Bati lilikuwa pale, limelowa, linang'aa. Hakuna kitu kilichotoka chini yake. Nilitazama tena nikidhani ni ukungu umenidanganya, lakini asubuhi ilikuwa safi na Meru yote ilionekana mpaka kileleni. Nilijiambia amelala tu. Mama yangu hajawahi kulala jua likiwa pale. Nikavua viatu nikakimbia, mtu mzima wa umri wangu, kanga ikadondoka njiani sikuirudia.

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Mafiga yalikuwa ya baridi, majivu yamezolewa, sakafu imefagiwa. Juu, kwenye fito, hapakuwa na kitu. Nikaita "Mama," sikujibiwa. Nikaita "Yeyo!", jina tulilomwita kwa Kimaa tukiwa wadogo, na ambalo sikumbuki mara ya mwisho kulitamka.

"Niko huku," ikatoka sauti shambani. "Unapiga kelele za nini?"

Alikuwa amechuchumaa kando ya kamba, kofia ya sufu kichwani, mikono imejaa udongo. Pande zote mbili, mstari kwa mstari, mahindi yalikuwa yametoka, majani mawili mawili, marefu kama kidole. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, sikuona tofauti.

"Upande wa dumu ni upi?"

"Huo uliosimamia," alisema. "Toa miguu yako juu ya mahindi yangu."

Nikaruka pembeni. Nikawa nacheka na kulia pamoja, na sikujali. Mama akanitazama kuanzia miguu ya tope mpaka kichwani.

"Mbona unahema hivyo? Nani amekufa?"

"Sikuona moshi, mama."

Akageuka taratibu akaliangalia paa la jiko. Nikagundua kwamba tangu nifike hajakohoa.

"Hata mimi asubuhi nimeutafuta," akasema, akanishika bega ili ainuke.